Upinde Tuliopaka Mafuta ya Mgawo

Goreti mwanangu,

Leo pale kituoni mnapongojea safari nilikuuliza kama umekula, ukasema umekula. Tukazungumza habari za shangazi yako na miguu yake inayovimba, nikauliza kama masweta yamefika, kisha nikakuuliza tena kama umekula. Muda wa kuonana ulikuwa umekwisha na mlinzi ameshasogea karibu yetu, ndipo wewe ukaniuliza jambo moja la maana. "Mama, kwa nini upinde wa baba ulioza, na tuliupaka mafuta wenyewe?" Nikafungua mdomo. Mlinzi akasema, "Basi mama, tuwaache wasafiri wapumzike." Nikatoka.

Sasa nimerudi hapa Bangwe kwa mjomba wako. Jua bado lipo. Watoto wake wamekwenda Katonga kufuata dagaa, nyumba imetulia. Mlinzi amenikubalia kwamba nikileta karatasi asubuhi kabla basi halijawachukua kwenda uwanja wa ndege, atakupa mkononi. Habari za kukunja nguo na kutunza vyeti siziandiki, shangazi yako atakuchosha nazo njia nzima. Nitajibu ulichoniuliza, na hayo mengine yakija nitayaandika.

Wewe baba yako ulimjua kambini. Ulimjua mtu anayekaa mlangoni mwa kibanda na fimbo yake, anakohoa, anasubiri siku ya mgawo wa chakula. Mimi nilimjua akiwa fundi. Alivuka mpaka akiwa kijana, yeye na shangazi yako, wakapewa mahali pa kulima kule juu ya Ujiji, penye michikichi. Mimi nilishuka kutoka kwetu Kalinzi kuja kumsaidia mjomba wako shamba, na nyani walikuwa wanatumaliza mihogo. Mjomba wako akanituma nikanunue upinde kwa yule Mrundi. Nilimkuta anakwangua mti kwa kigae cha chupa. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua kichwa, akaendelea kukwangua, na mimi nikasimama pale kama mjinga nikitazama maganda membamba yanavyodondoka. Nikarudi tena siku nyingine bila kutumwa.

Tulipooana akaniambia, "Mimi nachonga. Wewe paka." Alikuwa na mikono ya kuchonga tu. Akishamaliza umbo, upinde haukumvutia tena. Kuulinda na mvua, jua na wadudu ikawa kazi yangu, na mimi sikujua chochote.

Nilianza na mawese. Kwetu mawese yako kila nyumba, sikuona sababu ya kutafuta kingine. Nikaupaka upinde wa kwanza ukawa mwekundu, mzuri, nikaujaza mafuta mpaka yakachuruzika. Aliununua Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, aliyekuwa na duka na shamba lake jirani na letu. Wiki haikupita akarudi nao ameushika kwa vidole viwili.

"Mama, upinde wako mtamu," akasema. "Panya wamekula kishikio."

Nikauchukua. Ulikuwa unanata, umeshika vumbi lote la nyumba yake, na pale pa kushikia palikuwa na meno. Mawese hayakauki, mwanangu. Yanakaa juu ya mti kama yanavyokaa kwenye sahani. Mbele ya Mzee Rajabu baba yako aliendelea kukwangua mti wake. Jioni, tukiwa tunakula, akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka akaweka tonge chini.

Baada ya hapo nikajaribu nyonyo, nikajaribu nta. Nta nilinunua kwa watu wanaoleta asali. Mara ya kwanza niliiweka kwenye kopo, kopo juu ya moto, ikalipuka ikanichoma nyusi. Ndipo nikajua kopo linakaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta inayeyuka polepole, halafu unatia mafuta ya nyonyo na kukoroga kwa kijiti. Unapaka kidogo tu, kidogo kuliko unavyotaka. Unasugua kwa kiganja mpaka kiganja kiungue, maana joto ndilo linaloingiza mafuta. Unaacha, kesho unarudia, keshokutwa unarudia. Mwisho unautundika juu ya jiko, moshi umalizie. Upinde wa hivyo unakuwa mweusi, hauna sura, lakini maji yakiudondokea yanateleza, na wadudu hawaupendi. Na kabla ya yote mti uwe umekauka. Baba yako alikuwa anauweka shavuni. Ukiwa na ubaridi shavuni, alisema, bado una maji, usiuguse.

Ilinichukua muda mrefu kujua hayo, na pinde nyingi niliziharibu katikati.

Kisha nikakutana na vanishi. Sokoni Mwanga watu walikuwa wanapita mbele ya pinde zangu nyeusi bila kugeuka. Mwenye duka la vifaa akanionyesha kopo, akasema, "Hii maji hayapiti." Nikapaka pinde chache, zikang'aa utafikiri zimelowa. Ziliisha asubuhi ileile. Nilirudi nyumbani nikiimba. Lakini wale waliozinunua kwa ajili ya nyani wakaanza kuzirudisha. Walipokuwa wakizivuta, vanishi ilipasuka katikati kama tope la ufukweni likikauka, maji yakaingia kwenye nyufa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Baba yako aliugeuza mmoja mkononi akasema, "Upinde unapinda. Hiki ulichopaka hakipindi." Basi. Hakunilaumu. Toka siku hiyo tukakubaliana: wa kulindia shamba, nyonyo na nta, wa kuchezea ngoma, ambao hauvutwi kwa nguvu, vanishi.

Nakuandikia hivi kwa kirefu kwa sababu ile siku baba yako alipochukuliwa tulikuwa tumebeba pinde za ngoma.

Ulikuwa mdogo, sijui unakumbuka nini. Kikundi cha ngoma kilikuwa kimeagiza pinde za harusi, tukazifunga kwenye mkeka, baba yako akabeba begani, mimi nimekushika mkono. Zamani hizo ilikuwa imeshatangazwa kwamba wakimbizi wanaoishi vijijini waende kambini, lakini tulikuwa tumeishi pale muda mrefu, tukadhani wanasemwa wengine. Tulipokaribia Mwanga tukakuta askari wamesimamisha watu. Mmoja akafungua mkeka. Pinde zote mpya, zinang'aa, zimefanana.

"Hizi za nini?"

"Za ngoma, afande. Nyingine huwa nawachongea wenye mashamba, za nyani."

"Nyani wanapigana vita na nani?"

Wenzake wakacheka. Baba yako naye akatabasamu kidogo kwa heshima, na nadhani hilo lilimuudhi yule askari.

"Mwenyeji wa wapi wewe?"

Angeweza kusema Kasulu. Kirundi na Kiha vinakaribiana, wengi walisema hivyo wakapita. Baba yako akasema, "Nimetoka ng'ambo ya mpaka, afande. Nilikuja nikiwa kijana." Akaambiwa akae chini pamoja na wengine.

Nilikimbia Ujiji kwa Mzee Rajabu. Alikuja vilevile alivyokuwa, na kofia yake na ndala, akamwamkia mkuu wao vizuri akamwambia, "Huyu ni fundi wangu. Namjua, na mke wake ni mtu wa hapahapa." Mkuu akamjibu kwa adabu, "Mzee, hatukatai. Lakini akiwa mkimbizi mahali pake ni kambini." Mzee Rajabu akanitazama, akanipa ndizi alizokuwa amekufungia wewe kwenye karatasi. Hakuwa na kingine.

Miaka mingi nimejiuliza kama ni ile vanishi. Kama zingekuwa zile nyeusi za moshi, labda yule askari angeona vijiti vikuukuu, angesema pita. Nimeliwaza hilo nikipika, nikipanga foleni ya maji, nikiwa nimelala. Lakini pale chini walikaa pia watu waliokuwa wamebeba majembe, na mmoja alikuwa amebeba mtungi wa mawese, nao wakapakiwa kwenye lori lilelile. Kwa hiyo sijui, mwanangu. Nimeacha kutafuta.

Waliponiuliza, nikasema mimi ni mke wake. Mjomba wako alikuja kunivuta mkono. "Wewe huna kosa, wewe ni wa hapa, unakwenda wapi na mtoto?" Nikapanda lori. Hayo yote unayajua, umekulia ndani yake.

Pinde walizichukua. Kilichobaki ni kipande kimoja cha mti wa mkole alichokuwa amekichonga nusu, akakifanya fimbo ya kutembelea siku hiyo. Askari hawakukiona kuwa kitu. Ndiyo ile fimbo. Kambini silaha ni marufuku na mti wa kukata hakuna, kwa hiyo akaiacha ikawa fimbo, msimu baada ya msimu, chini ya turubai linalotoa jasho kila alfajiri. Kifua kilipoanza kumzidi ndipo akaomba kisu cha jikoni. Mkuu wa mtaa wetu alipopita akakuta anachonga, akamwambia, "Mzee, hicho si upinde hicho?" Baba yako akamwonyesha ncha zote mbili. "Hauna kamba. Usipokuwa na kamba ni mti." Yule bwana akaenda zake.

Alipomaliza hakuwa anaamka tena. Akaniita, akaniambia, "Kazi yangu imekwisha. Paka."

Goreti, nilizunguka kambi nzima. Nyonyo hakuna. Nta hakuna. Nilikwenda kwa wanawake wenye vibanda vya soko, nikauliza hata mawese, ambayo nilikuwa nimeapa sitayagusa kwa kazi hiyo, yakawa yamekwisha. Nilichokuwa nacho ni yale mafuta ya mgawo ya kwenye kopo, ambayo sikuwahi kuyapaka kwenye mti wowote. Nikatia tone kwenye kibanzi, nikakiweka juani juu ya paa. Siku ya kwanza kilinata. Baadaye kikaanza kukauka, si vizuri, lakini kikakauka. Nikasema basi.

Jioni hiyo tulikula maharage bila mafuta, na hukulalamika. Nilikugawia nusu ya upinde na mimi nikachukua nusu. Nilikufundisha kusugua kwa kiganja, ukasugua ulimi umeutoa nje, kama ulivyokuwa ukiandika shuleni. Baba yako akageuza kichwa akauliza, "Mafuta gani hayo?"

"Ya mgawo," nikasema.

"Kwa hiyo upinde umekula mboga yetu."

Wewe ukacheka. Kisha akauomba, nikamwekea kifuani. Akapitisha mkono mzima mpaka upande wako, akakuita mwanangu kwa Kirundi chake, "Mwana wanje, hapa pamelainika." Ulitazama chini kwa furaha. Mvua zilipoanza tulikuwa tumeshamzika.

Sasa nijibu swali lako. Nilipokuwa naupangusa kabla ya kuupaka, niliona matundu. Madogo, kama ya sindano, karibu na ncha, na yamezungukwa na unga mweupe. Wadudu walikuwa wameingia siku nyingi, tangu ulipokuwa fimbo. Na nilipouweka shavuni ulikuwa wa baridi. Upinde wa hivyo haupakwi. Unaanikwa juani na kuanuliwa, unaanikwa tena, unafukizwa moshi, unangojwa. Pengine ungepona, pengine usingepona. Lakini baba yako alikuwa amelala pale ananitazama mikono, na siku hizo za kungoja hazikuwepo. Nikapangusa ule unga kwa pindo la kanga, nikakupa upande wako, tukapaka.

Ulipoukuta chini ya kitanda baada ya muda, ukaushika umwonyeshe mwenzako, ukakatika mkononi mwako. Nje ulikuwa unang'aa. Ndani ulikuwa unga mtupu. Ulikatika upande uliosugua wewe, na najua ulihesabu hivyo, kwa sababu uliniambia, "Mama, ni upande wangu." Nikakuambia acha, ni mti tu, nikavifagia vipande. Nilikuwa nimechoka siku ile. Sikujua ulikuwa unangoja neno. Leo ulipouliza, sauti yako ilikuwa ileile ya utoto, ndiyo maana nilishindwa kutoka vizuri pale mlangoni hata mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Haukuwa upande wako. Wadudu waliingilia ncha hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa inagusa udongo alipokuwa akitembea. Ulisugua vizuri kuliko mimi. Hakuna mafuta niliyowahi kuyajua, ya mgawo wala ya dukani, yanayotoa kilichokwisha kuingia ndani. Ningekuwa na nta ya nchi nzima ungekatika vilevile.

Usidhani ninataka kukufananisha na upinde. Wewe ni mtu, na sitaki barua hii iishie kwa mafundisho. Nimekueleza kwa sababu uliuliza.

Kuna jambo jingine hukuuliza, lakini ulininunia kwa ajili yake, kwa hiyo nalisema. Ulipoambiwa kwamba faili la shangazi la kuhamishiwa nchi ya mbali limepita, wewe umo, mimi simo, ulisema sikujitahidi. Nilijitahidi. Shangazi yako alinikalisha akanifundisha majina ya vilima vya kwao ili niseme nami nilizaliwa huko, nani jirani, kanisa liko wapi, nikayashika yote. Nikaingia kwenye chumba cha mahojiano. Yule mwanamke aliyekuwa akinihoji alikuwa mpole. Akaniuliza, "Mama, ulipokuwa msichana, ukitoka nyumbani kwenda kuchota maji, ulikuwa unapita wapi?"

Hilo shangazi hakunifundisha. Nami sikupata muda wa kutunga. Nikasema tunashuka kwenye migomba, tunapita kwenye mwamba ambao watoto wanatelezea, tunaacha njia ya kanisa mkono wa kushoto. Nilikuwa naiona njia yenyewe. Akaacha kuandika.

"Mama," akasema taratibu, "hapo napajua. Huo mwamba nimeutelezea mimi. Hapo ni Kalinzi."

Kisha akaniambia kwamba akiandika nilivyodanganya, faili zima litasimama, la shangazi na lako. Akiandika nilivyozaliwa, ninyi mtaendelea, mimi nitabaki. Hakuwa ananitisha, alikuwa anaeleza. Nikasema, "Andika nilivyozaliwa." Akaandika. Nilipotoka ulikuwa umekaa kwenye benchi na shangazi, ukaniuliza imekuwaje, nikasema sijui, wataita.

Nilipanda lori kwa sababu mume wangu ni wa kule, na sasa nabaki kwa sababu mimi ni wa huku. Sina wa kumkasirikia. Yule mwanamke alifanya wema wote uliokuwa mkononi mwake.

Huko unakokwenda sikujui hata kwa kusimuliwa. Baba yako aliweza angalau kuniambia kwao kulivyo, nikashika vilima. Kwa huko sina kilima hata kimoja cha kukupa. Sijui watu wake wanaamkiana vipi. Sijui mtoto wa watu akiumwa anamwendea nani. Nimekaa hapa nikijaribu kufikiri neno moja la mama ambalo litakufaa mahali pasipo na kitu ninachokijua, na kila ninalolipata ni la kambini au la Bangwe. Utajifunza ya huko kwa wengine. Nakuomba usione aibu kujifunza kwa mtu mwingine kile ambacho mama angekufundisha. Mimi sitaona wivu. Nitaona kidogo, lakini usijali.

Na shangazi yako akikukemea, mvumilie. Yeye ndiye mtu pekee huko atakayejua unatoka wapi.

Watoto wamerudi na dagaa, wananiuliza naandika barua gani ndefu hivi. Asubuhi nitaileta karatasi hii, halafu sitangoja basi. Ukiniona utalia, shangazi atalia, na mtawachelewesha wenzenu. Nitashuka huku ufukweni. Mjomba wako anasema ndege ikiruka hugeuka juu ya ziwa kabla ya kushika njia yake. Nitavaa ile kanga ya njano, nitasimama majini mpaka magotini niwe mbali na michikichi, nionekane toka juu. Wanawake wanaosugua masufuria watadhani nimerukwa na akili. Sijui watakukalisha dirisha la upande gani. Nitapunga mpaka mlio uishe, na kama umekaa upande wa pili, jua kwamba nilipunga.

Mama yako.